Yamaha DX7 ya 1983: kioo kinaonyesha takataka, funguo nne zina matatizo. Nianzie wapi?

kinanda_tanga

Wakuu, salaam. Nina Yamaha DX7, kinanda cha sinthesaiza, ya toleo la kwanza, ile ya vitufe bapa. Imetoka Japani na kibandiko cha nyuma kinasema 100V. Naiwasha kwa transfoma ya 230 kwenda 110. Hali yake ni hii:

Ikiwashwa, jina la mashine linatokea vizuri kwenye kioo. Baada ya hapo majina yote 32 ya sauti za ndani ni herufi zisizosomeka, na sauti zenyewe ama ni kelele ama kimya. FUNCTION 14, ile ya kupima betri, inasoma volti 1.1. Kinanda chote kimepanda juu kama nusu toni hivi, na noti moja tu inalia kwa wakati mmoja hata nikibonyeza tatu. Funguo mbili za katikati hazilii kabisa, na nyingine mbili zinalia kwa nguvu zote hata nikizigusa kwa kidole kimoja taratibu. Zimetawanyika, hazifuatani.

Nataka kujua kama ubongo wa mashine umekufa au ni betri tu, na kama ni betri, itolewe vipi bila kuharibu bodi maana imeshikwa kwa risasi. Pia nia yangu ni kutengeneza sauti ya kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, kwenye mashine hii. Kama kuna mwenye hatua zake, naomba azitaje kwa namba.

---

risasi_na_solda

Mkuu, ubongo mzima. Mashine iliyokufa ubongo haiandiki jina lake kwenye kioo wala haikupi jibu ukibonyeza FUNCTION 14. Volti 1.1 ndiyo habari yote: kumbukumbu ya ndani ni RAM ambayo mashine ikizimwa huishi kwa betri ya lithiamu ya volti 3, na betri ikishuka hivyo RAM inajaza chochote. Hizo herufi ndizo hicho chochote.

Betri ni CR2032 yenye masikio ya bati yaliyochomelewa kiwandani na kushikwa kwenye bodi kuu kwa risasi. Kwa wengine watakaosoma hapa: kama sauti zenu bado ni nzima, zitoeni kwanza kwa MIDI (njia ya waya ambayo vinanda na kompyuta hupeana data), kwa sababu betri ikitoka kila kitu kinafutika. Kwako hakuna cha kuokoa, kwa hiyo endelea.

Chomoa waya wa umeme, subiri dakika tano. Toa skrubu za pembeni na za ukingo wa mbele chini, kisha inua kifuniko kuelekea nyuma, kinafunguka kama boneti ya gari. Usikivute, kuna waya bapa zinazounganisha vitufe na bodi. Piga picha ya kila kiunganishi kabla ya kukigusa.

Weka alama ya upande wa chanya kwenye bodi kwa kalamu. Solda iwe nyuzi joto 350 hivi. Ongeza risasi mpya kidogo juu ya ile ya zamani, itayeyuka kirahisi zaidi, halafu inyonye kwa waya wa kunyonyea. Sikio la hasi limeungana na shaba pana ya bodi, nayo hula joto, kwa hiyo litakataa kuachia. Usilivute kwa nguvu. Hapo ndipo watu hung'oa njia za shaba: wanashikilia joto sekunde kumi huku wanavuta. Gusa sekunde tatu au nne, acha ipoe, rudia.

Usilehemu betri mpya moja kwa moja kwenye bodi. Joto la solda huua betri ya lithiamu na linaweza kuipasua. Nunua kishikio cha CR2032. Kama miguu yake haiendani na matundu, tumia waya mbili fupi za sentimita 10, nyekundu na nyeusi, na ubandike kishikio kwenye bati la mwili kwa gundi ya pande mbili, mahali ambapo kifuniko hakitakigusa. Betri ijayo itabadilishwa bila solda. Na usiweke LIR2032, ile ya kuchaji. Volti yake ni 3.6 na saketi hii haikujengwa kwa ajili yake.

Kabla ya kufunga pima kwa mita: betri mpya isome kati ya 3.0 na 3.3. Ukiwasha, FUNCTION 14 isome karibu na hapo. Mimi nabadilisha yoyote iliyoshuka chini ya 2.5.

Sasa jambo linalowapotosha wengi. Ukishabadilisha betri, kelele zitabaki vilevile. Betri mpya inalinda kilichomo, na kilichomo bado ni takataka. Mtu anaona hivyo, anadhani chipu imeungua, anaanza kununua vipuri. Hilo la kupanda nusu toni na la noti moja kwa wakati si ugonjwa mwingine. Mipangilio ya FUNCTION nayo imo ndani ya RAM hiyohiyo. Irekebishe kwa mkono:

FUNCTION 1, MASTER TUNE, peleka kitelezi katikati na ulinganishe A na 440. FUNCTION 2, rudisha POLY, imekwama MONO. FUNCTION 3, PITCH BEND RANGE, weka 2. FUNCTION 4, STEP, weka 0. FUNCTION 7, PORTAMENTO TIME, weka 0. Kuanzia 17 hadi 32 ni gurudumu, pedali, pumzi na mgandamizo wa funguo. Zima vyote kwanza, utawasha unachohitaji baadaye. Takataka ikikaa kwenye 17 hadi 32, sauti inatikisika yenyewe na huoni sababu.

---

mzee_wa_midi

Nyongeza ndogo kwa aliyetangulia: betri inaweza kubadilishwa mashine ikiwa imewashwa, sauti zisipotee. Umeme wa ndani unashikilia RAM wakati betri haipo.

Kwa mwuliza swali: baada ya betri unahitaji kupakia sauti. Benki moja ya DX7, yaani sauti 32, ni ujumbe wa SysEx (data ya mashine husika inayopita kwenye MIDI) wa baiti 4104: sita za mwanzo (F0 43 00 09 20 00), kisha 4096 za sauti, yaani 32 mara 128, kisha baiti ya kuhakiki, kisha F7. Faili la benki ya kiwandani ROM1A linapatikana kwa urahisi. Likiwa si baiti 4104 kamili, usilitume.

Kwenye DX7: bonyeza FUNCTION kisha 8. Ya kwanza ni MIDI CH, weka 1. Hili si la hiari, kwa sababu ile 00 ya tatu kwenye ujumbe ina maana ya chaneli ya kwanza, na mashine iliyowekwa chaneli 5 itaupuuza ujumbe bila kusema neno. Bonyeza 8 tena, utaona SYS INFO UNAVAIL. Bonyeza YES iwe AVAIL. Halafu bonyeza MEMORY PROTECT INTERNAL, kisha NO, isome OFF. Ulinzi huu hurudi ON kila unapowasha, na ndio sababu ya kwanza ya watu kusema "nimetuma, hakuna kilichobadilika."

Kwenye kompyuta tumia MIDI-OX kwa Windows au SysEx Librarian kwa Mac. Waya wa MIDI OUT wa kompyuta uingie MIDI IN ya DX7. MIDI hupitisha baiti 3125 kwa sekunde, kwa hiyo benki nzima ni sekunde moja na robo tu. Ikichukua nusu sekunde, kuna baiti zimedondoka njiani. Hizi nyaya za USB za bei ya chini zisizo na chapa zinapitisha noti bila shida lakini zinakata SysEx ndefu. Dawa ni kiunganishi kizuri zaidi, au kwenye programu punguza ukubwa wa bafa (hifadhi ya muda ya data) na uweke pumziko kati ya vipande.

---

risasi_na_solda

Mzee, la betri mashine ikiwa hai naomba tulikatae, wala si kwa ubishi. Ncha ya solda nyingi imeunganishwa na ardhi. DX7 nayo ikiwa imeunganishwa na mikisa au kompyuta, ardhi yake ni hiyohiyo. Ukigusa upande wa chanya unaipa saketi njia fupi ya kwenda ardhini huku chipu zinafanya kazi. Tone moja la risasi likidondoka ni hivyo hivyo. Na sababu ya kuhatarisha haipo: SysEx inatoa sauti zote 32 kwa sekunde moja na robo na kuzirudisha kwa muda uleule. FUNCTION 8 mara ya tatu, MIDI TRANSMIT, YES, basi.

---

mzee_wa_midi

Nimekubali. Atoe kwa SysEx kwanza, azime, ndipo afungue.

---

transfoma_mbili

Kabla hujafika kwenye betri, ndugu, simamia umeme. Hiyo transfoma yako ya 110 inanitia wasiwasi kuliko funguo.

Mashine ni ya 100V. Transfoma ya 230 kwa 110 hutoa 110 pale tu ukuta unapotoa 230 kamili. Usiku mtaa ukiwa na matumizi kidogo, ukuta unaweza kupanda hadi 245, na hapo unapata 117. Hiyo ni asilimia 17 juu ya kinachotakiwa. DX7 ina ugavi wa kizamani wa transfoma na regyuleta (kinachoshikilia volti isibadilike), na regyuleta za aina hii hugeuza ziada yote kuwa joto. Mashine haitalipuka leo. Itapika kapasita zake polepole, na baada ya miezi utaona kioo kinaganda katikati ya wimbo.

Pima transfoma yako bila mzigo, kisha mashine ikiwa imewashwa. Ukipata zaidi ya 106, mpelekee fundi anayesuka mota na transfoma akusukie ya 230 kwa 100, VA 100, inatosha kwa nafasi kubwa. Mwambie coil mbili zitenganishwe, asikutengenezee ile ya coil moja yenye tawi katikati. Ya coil moja ikikatika sehemu mbaya, volti 230 zote zinaingia kwenye mashine.

Ukishafungua kifuniko kwa ajili ya betri, pima pia ugavi wa ndani. Kuna +5 ya chipu, na +15 na −15 za upande wa sauti. Ile ya 5 iwe kati ya 4.9 na 5.1. Geuza mita kwenye AC na upime palepale: ikizidi milivolti 30, kapasita kubwa za kuchujia zimechoka, badilisha zote kwa pamoja, za nyuzi joto 105, volti sawa au zaidi. Angalia miguu ya regyuleta kwa kioo cha kukuza. Mduara mwembamba mweusi kuzunguka mguu ni risasi iliyopasuka kwa joto, iyeyushe upya. Fanya hivyohivyo kwa matundu ya OUTPUT na hedifoni, kwa sababu kila jeki inayovutwa inatikisa bodi.

Sasa funguo. Kila ufunguo una kipande chembamba cha chuma kinachohama kutoka mguso wa juu kwenda wa chini. Mashine inapima muda wa safari hiyo, na muda mfupi ndio nguvu kubwa. Kwa hiyo dalili zako mbili ni uchafu uleule katika sehemu tofauti. Mguso wa chini ukiwa mchafu, ufunguo haufiki mwisho na haulii. Wa juu ukiwa mchafu, mashine haioni mwanzo wa safari, inadhani umepiga kwa kasi ya ajabu, ndiyo maana unalia kwa nguvu zote. Kwa kuwa zimetawanyika, tatizo liko kwenye funguo zenyewe. Zingepotea kwa mpangilio unaojirudia, mfano kila baada ya funguo kadhaa sawasawa, ningesema angalia kiunganishi cha waya bapa au njia ya bodi.

Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na karatasi laini iliyokatwa ukanda wa milimita 5. Lowanisha, ingiza kati ya chuma na mguso, bana ufunguo polepole, vuta ukanda. Mara tatu kwa kila mguso. Usitumie msasa, safu ya juu ya mguso ni nyembamba sana na ikitoka hairudi. Usitumie spiriti ya bluu, ina rangi na maji. Na mafuta ya kupulizia ya gereji yasikaribie kabisa, yanaacha utando unaokamata vumbi na baada ya wiki funguo kumi zitakuwa kama hizo nne.

---

opereta_sita

Nimefurahi sana kuona mtu anataka kanuni kutoka DX7. Watu wanailaumu mashine hii kwa piano yake ya umeme iliyochosha masikio ya miaka ya themanini, kumbe kwa nyuzi za kukwanyua ni hodari kuliko sinthesaiza nyingi za analogi.

Kwanza jinsi inavyofanya kazi, kwa kifupi. FM, njia ya kutengeneza sauti kwa wimbi moja kulikoroga jingine, ni kazi ya John Chowning wa Stanford, na Yamaha waliichukua kwa leseni. Kuna opereta sita, kila moja ni wimbi laini la sine lenye enivelopu yake, yaani jinsi nguvu yake inavyopanda na kushuka. Opereta inayosikika inaitwa keria. Inayoikoroga keria isisikike laini inaitwa modyuleta. Modyuleta ikiwa na nguvu nyingi, sauti inang'aa. Nguvu ikipungua, sauti inarudi kuwa sine. Waya uliokwanyuliwa ndivyo ulivyo: unang'aa pale risha inapougusa, kisha mwanga unazima haraka kuliko sauti yenyewe. Kwa hiyo siri yote ni hii: enivelopu ya modyuleta ishuke haraka kuliko ya keria.

Kanuni ina nyuzi tatu kwa kila noti. Algorithimu (mpango wa kuunganisha opereta) namba 5 ina jozi tatu, keria tatu na modyuleta tatu. Jozi moja kwa kila uzi.

Anza na FUNCTION 10, VOICE INIT, YES mara mbili. Ingia EDIT. Kitufe 7, algorithimu 5. Kitufe 8, fidibeki 6 (opereta ya 6 inajikoroga yenyewe).

Keria ni 1, 3 na 5. Zote tatu FREQ COARSE 1.00 (kitufe 18). DETUNE (kitufe 20): ya 1 iwe −3, ya 3 iwe 0, ya 5 iwe +4. Usilinganishe kushoto na kulia sawasawa, −4 na +4 zinatoa mtikisiko wa kawaida mno kama mashine. OUTPUT LEVEL (27): 99, 95, 93. EG RATE (21), kasi za hatua nne za enivelopu: 99, 48, 30, 45. EG LEVEL (22), viwango vya hatua hizo: 99, 84, 0, 0. Itengeneze ya opereta 1, kisha shikilia STORE na ubonyeze 3, halafu 5, enivelopu inanakiliwa. RATE SCALING (26) iwe 3 ili noti za juu zizime mapema kama nyuzi fupi zinavyofanya.

Modyuleta. Opereta 2: 1.00, LEVEL 76. Opereta 4: 3.00, LEVEL 68. Opereta 6: 7.00, LEVEL 62, hiyo ndiyo mgongano wa risha. Enivelopu ya 2 na 4: RATE 99, 62, 38, 50 na LEVEL 99, 70, 0, 0. Ya 6 iwe fupi sana: RATE 99, 82, 70, 60 na LEVEL 99, 40, 0, 0. VELOCITY SENSITIVITY (28) ya modyuleta iwe 4, ya keria iwe 2. Ukigusa kwa upole sauti iwe nyeusi, ukikwanyua kwa nguvu ing'ae.

Ukitaka kurekebisha mwanga, gusa LEVEL za modyuleta tu, na kwa hatua ndogo. Kila hatua 8 nguvu inaongezeka mara mbili, kwa hiyo 76 kwenda 84 si nyongeza kidogo hata kama kwenye kioo inaonekana hivyo. Noti za juu zikiwa kali kama bati, punguza upande wa kulia wa modyuleta kwa KEYBOARD LEVEL SCALING: BREAK POINT C3, CURVE ya kulia −LIN, DEPTH 30. Opereta 6 ndiyo inayohitaji zaidi.

Kuhifadhi: bonyeza INTERNAL, zima ulinzi, shikilia STORE, bonyeza namba. Ukisahau STORE ukabonyeza namba, sauti nyingine itapakiwa juu ya kazi yako. Usiguse kitu, nenda FUNCTION 9, EDIT RECALL, kazi inarudi.

---

kinanda_tanga

Nawashukuru kwa dhati. Transfoma inatoa 114 mashine ikiwa imewashwa, naipeleka kusukwa kabla ya jambo lolote. Swali la mwisho kwa opereta_sita: Rast na Bayati, zile mizani za Kiarabu, zina robo toni. DX7 hii itaweza?

---

opereta_sita

Toleo la kwanza halina jedwali la mizani, funguo zote ni nusu toni sawa. Njia iliyopo ni ya melodia ya noti moja moja. Weka FUNCTION 3 iwe 1 na FUNCTION 4 iwe 0, hapo gurudumu likishuka mwisho ni nusu toni na likishuka nusu ni robo. Kwa mkono ni vigumu kulenga. Kwenye sikwensa (programu ya kupanga noti) ya kompyuta weka amri ya pitch bend ya −4096 kabla tu ya kila E na B ya Rast ya C, na uirudishe 0 kabla ya noti inayofuata. Mkia wa noti iliyotangulia utavutwa nao, kwa hiyo RATE 4 ya keria ipandishe hadi 60 noti ikatike mapema.

Ukitaka kupiga kwa mikono miwili bila hila, tafuta DX7IID au DX7IIFD ya 1987, au kisanduku cha TX802. Hizo zina mizani ya kujiwekea, oktava imegawanywa hatua 1024. Robo toni ni karibu hatua 43: unachukua ufunguo wa E, unaupa noti ya E bemoli, unaongeza 43. B vivyo hivyo. Kwa Bayati ya D ufunguo ni uleule wa E, na B unaiacha au kuishusha kulingana na wimbo. Sauti ya kanuni utakayotengeneza sasa itaingia kwenye hizo zote kwa SysEx ileile ya baiti 4104.